Nilimrekodi Mzee Akilia, na Pesa Zikaingia

Vidio yangu iliyotazamwa kuliko zote haiko kwa akaunti yangu tena. Niliifuta Machi mwaka jana. Ilikuwa ya sekunde 48: mzee amelala kwa kitanda cha hospitali, mguu umeinuliwa juu, anajifuta machozi na kona ya shuka. Ilitazamwa mara laki tatu na kitu. Bado ukiitafuta utaipata, kwa sababu wasee walishaipakua wakaiweka kwao. Kuna mtu alitengeneza stika.

Mnaniuliza sana kwa nini sifanyi tena zile vidio za "tumsaidie fulani". Wengine mnasema nimekuwa na roho ngumu tangu nianze kupata doo za matangazo. (Doo gani hizo? Nionyesheni tugawane.) Leo nimeamua kuandika badala ya kuongea, kwa sababu nikiwasha kamera hii stori nitaanza kuiigiza, na imeigizwa ya kutosha.

Niliacha chuo 2022, mwaka wa pili. Sitawachosha na hiyo. Karo ilikuwa shida, lakini nikiwa mkweli pia nilikuwa nimechoka kukaa nyuma ya darasa nikihesabu vigae vya dari. Nikarudi nyumbani kwa mathe, Githurai 45, na ndani ya mwezi mmoja nikawa nimejiunga na kikundi cha kuigiza vitabu teule. Mnawajua hao watu. Ni wale walikuja shule yenu Jumatano moja mkiwa kidato cha tatu, mkalipa soo na nusu, mkatolewa darasani, na mkakumbuka Kiswahili cha siku hiyo kuliko cha mwaka mzima.

Tulikuwa wanane. Tulikuwa tunaigiza Kigogo cha Pauline Kea, kwa sababu ndicho kilikuwa kinatahiniwa. Saa kumi na moja asubuhi tuko steji, matatu ya kukodi imejaa masanduku ya mavazi, tunaenda Murang'a, Kirinyaga, Machakos, popote mwalimu wa Kiswahili amekubali. Ukirudi jioni umepata ngiri moja, moja na nusu. Siku shule imechelewa kulipa, umepata chai. Na kwa kuwa tulizoea kuitana majina ya wahusika, sijui hata majina kamili ya wengine mpaka leo. Mimi nilikuwa Ashua. Mama aliyetuongoza tulimwita Husda, ingawa mimi nilimwita Anti, kwa sababu ni rika la mathe na ukimwita Husda peke yake anakuangalia mpaka ujirekebishe. Na kulikuwa na Majoka.

Majoka alikuwa na miaka hamsini na kitu. Ameigiza tangu akiwa kijana, kumbi za shule, kumbi za makanisa, vipindi viwili vitatu vya televisheni ambavyo alionekana nyuma ya mtu mwingine. Alikuwa na tai nyekundu ya jukwaani ambayo hakuivua njiani kurudi. Akishuka pale Githurai anapitia sokoni akiwa bado kiongozi wa Sagamoyo. Wamama wa nyanya wanamwita Mheshimiwa. Yeye anasimama, anaweka mkono kifuani, anawaahidi lami, maji na choo cha soko kufikia Ijumaa. Wanacheka, wanamwongezea nyanya mbili juu ya zile amenunua. Hiyo ilikuwa kila siku. Mtu akikuuliza Majoka alikuwa na nini duniani, alikuwa na chumba kimoja, binti wa kidato cha pili, na hiyo dakika tano ya sokoni.

Oktoba 2022, tukitoka shule moja, alishuka kwa raundi, akavuka, na bodaboda iliyokuwa inakuja upande usiofaa ikamgonga. Mfupa wa paja. Walimfanyia upasuaji wakamweka chuma. Malipo yake ya bima ya afya yalikuwa yamekatika miezi mingi, kama ya wasanii wengi, kwa sababu mtu anayelipwa kwa siku hulipa bima siku ambayo hakuna unga wa kununua. Bili ikafika 187,400. Na hakuruhusiwa kutoka mpaka ilipwe, huku kila usiku anaolala pale unaongezwa kwa hiyo bili.

Tulikutana kwa kibanda cha chai. Anti akasema, "Tumchezee. Tukodi ukumbi, tuuze tiketi, mapato yote yaende kwake."

Nilicheka. Si kwa ubaya. Nilimwambia, "Anti, tiketi tutamuuzia nani? Na mpaka tupate ukumbi bili itakuwa laki mbili na nusu. Nipeni siku nne na simu yangu."

Hesabu yangu ilikuwa sawa, na bado ni sawa leo. Hilo ndilo linanisumbua.

Nilienda hospitali Jumapili saa za kuona wagonjwa. Majoka aliposikia ni kurekodi, aliomba vitu viwili: chanuo na ile tai. Tai ilikuwa kwa sanduku la mavazi, nilikuwa nimeibeba kwa bahati. Akaivaa juu ya nguo ya hospitali, mistari ya kijani na tai nyekundu, wodi nzima ikacheka. Akaongea kwa sauti ya Majoka. Aliwaambia wana-Githurai kwamba kiongozi wao amepatwa na jaribio la mapinduzi lililofanywa na pikipiki, na kwamba hazina ya serikali iko wazi kupokea michango. Dakika mbili. Ilikuwa poa sana. Muuguzi alisimama kusikiza.

Halafu nikafanya kitu ambacho sijawahi kumwambia mtu mpaka hapa ninapoandika. Nilishusha simu kama nimemaliza, lakini sikuizima. Nikamuuliza, "Na shule ya mtoto itakuwaje, mzee?"

Nilijua hilo swali lingemgonga wapi. Nimekaa naye kwa gari miezi. Akaanza kujibu, akashindwa, akavuta shuka.

Sekunde 48. Niliweka hiyo. Ile ya tai sikuweka kabisa, kwa sababu niliona mtu anayecheka na kuvaa tai hatachangiwa. Nikaandika juu yake maneno ya kuuma roho na nambari ya M-Pesa ya Anti.

Pesa ziliingia mpaka simu ya Anti ikawa inatetemeka usiku kucha. Watu wa Dubai, watu wa Kahawa Wendani, mtu wa Eldoret aliyetuma bob ishirini na kuandika pole. Makondakta wa steji yetu walitoa elfu nne. Sokoni nilizunguka mwenyewe na ndoo, na hapo ndipo mama mmoja wa nyanya aliniuliza, akiwa ameshika simu ya mtoto wake, "Huyu si Mheshimiwa? Kwani analia hivi?" Akatoa mia mbili. Lakini aliendelea kuangalia ile simu kama mtu ameona kitu ambacho hakikuwa chake kuona.

Siku nne, 163,000. Zilizobaki zikaandikiwa makubaliano, akatoka.

Sasa, kabla hamjasema "si ulimsaidia, shida iko wapi", ngojeni.

Shule aliyokuwa anasoma binti yake, hiyo vidio ilimtangulia. Stika ilitumwa kwa grupu la darasa. Yeye hakumwambia baba yake, alimwambia Anti. Halafu Majoka akarudi kazini, baada ya miezi mitano, na magongo. Shule ya kwanza, ukumbi wa wanafunzi kama mia nne. Majoka anaingia pale ambapo anatakiwa kutisha, na kutoka nyuma ya ukumbi mtu akafanya sauti ya kulia. Wengine wakaunga. Mia nne wote. Yule mzee alimaliza mchezo mpaka mwisho, hakuruka neno. Kwa gari alikaa mbele na dereva. Wiki iliyofuata hakuja, na ile iliyofuata.

Nilimtembelea. Aliniandalia chai yeye mwenyewe, akikataa nisaidie, akirukaruka na gongo moja. Aliniambia, "Msichana wangu, mguu nimepata, nakushukuru kila siku. Lakini wewe una mkanda mwingine. Ule wa tai. Mbona hukuuweka ule?"

Sikuwa na jibu. Nilimwambia ule haukuwa na mwangaza mzuri.

Nikaanza kusoma. Mtu akiacha chuo huwa anasoma sana usiku, sijui kama mmewahi kugundua. Nilitaka kujua kama watu wa jukwaa wamewahi kuwa na njia nyingine ya kusaidiana wakianguka, ama ni sisi wa kwanza kuuza machozi.

Nilianzia karibu. Mathe bado anaongea kuhusu Mzee Ojwang wa Vitimbi kana kwamba alikuwa mjomba wake. Jina lake halisi ni Benson Wanjau, Mkikuyu aliyeigiza Mjaluo kwa miaka mingi kwa KBC mpaka nchi nzima ikaamini. Uzeeni macho yakaanza kumsumbua, na Wakenya wakachanga. Alipokufa Hospitali ya Kenyatta, Julai 2015, kilio kilikuwa cha taifa zima. Mtu ambaye kila nyumba yenye televisheni ilimjua, mwishoni alitegemea mchango wa watu hao hao. Hakuna mtu aliona ajabu. Harambee tumezaliwa tukaikuta, na M-Pesa tangu 2007 imefanya kutoa kuwe kazi ya sekunde kumi.

Halafu kuna Omosh wa Tahidi High. Wengi wenu mnaikumbuka, ilikuwa 2021, tulikuwa tumefungiwa na korona na hatuna kazi nyingine ila simu. Joseph Kinuthia alilia mbele ya kamera, akasema hana kodi, hana kazi. Wakenya tukachanga pesa zikafika milioni, na ahadi juu yake. Miezi michache baadaye akasema bado ana shida. Manze! Mlimfanyia nini huyo mtu? Mimi nilikuwa mmoja wenu, sijifichi. Tulitaka kujua amekula nini, amekunywa nini, hiyo milioni ilienda mlango gani. Mtu aliyetuma bob hamsini alikuwa anadai hesabu kama mkaguzi wa serikali.

Nimefikiria hilo sana. Ukilipia tiketi ya mchezo, ukatazama, ukacheka, ukaenda nyumbani, mmemalizana. Aliyeigiza akinunua soda na pesa yako huna neno, alishakufanyia kazi. Lakini ukilipia machozi ya mtu, kuna kitu ndani yako kinabaki kinadai. Unahisi umenunua sehemu ya maisha yake. Ndio maana mtu akichangiwa kwa kulia, akionekana amecheka mwezi ujao tunasema alitudanganya.

Sasa huko Uingereza ya wakati wa Malkia Victoria, karne ya 19, waigizaji walikuwa na hali kama yetu kabisa. Wanalipwa kwa wiki ya kazi, msimu ukiisha ni njaa, uzee ni njaa, mguu ukivunjika ni njaa. Na watu wenye heshima zao waliwaona kama watu wa kuzurura. Lakini walikuwa na desturi moja iliyokuwa imetoka hata kabla ya enzi hiyo. Jumba la maonyesho lilimpa mwigizaji usiku wake mmoja. Usiku huo, gharama za jumba zikishatolewa, mapato ya mlangoni ni yake. Yeye mwenyewe anazunguka na tiketi akiwauzia marafiki na mashabiki, na yeye mwenyewe anapanda jukwaani usiku huo. Akiwa mgonjwa au amekufa, wenzake wanapanda badala yake, bure, na pesa zinaenda kwake au kwa mjane.

Nilipofika hapo nilifunga simu nikaiweka kifudifudi. Ilikuwa saa nane usiku. Hilo ni lile lile Anti alisema kwa kibanda cha chai, na mimi nikacheka.

Kuna stori moja ndani yake ambayo ningependa mwijue. Mwaka 1857 alikufa mwandishi wa vichekesho na tamthilia anayeitwa Douglas Jerrold. Rafiki yake Charles Dickens, ndiyo, yule wa vitabu vinene, akaamua familia ichangiwe pauni 2,000, ambazo wakati huo zilikuwa pesa nzito. Akaandaa mchezo, The Frozen Deep, na akaigiza mwenyewe. Malkia aliutazama kwa onyesho lake la faragha. Wakaupeleka mpaka Manchester, ukumbi mkubwa, maelfu ya watu. Pesa zikapatikana. Lakini mtoto mkubwa wa Jerrold hakufurahia. Kelele zote zile zilifanya watu waamini kwamba baba yake aliacha watu wake bila kitu, na yeye hakutaka baba yake akumbukwe hivyo. Kwa hivyo hata mchezo mzuri, ukiuzwa na tangazo la "maskini hawa", unaweza kuacha alama kwa mtu. Nilimfikiria yule binti wa kidato cha pili na stika yake.

Si kwamba hao wazungu walikuwa wamejipanga kwa kila kitu. Walianzisha nyumba ya kutunza waigizaji wazee, karibu na Woking, mume wa Malkia mwenyewe akaja kuweka jiwe la msingi 1860. Kuichangia, waigizaji wa kike waliojulikana walikuwa wanasimama kwenye vibanda vya maonyesho kule Crystal Palace wakiuza vikorokoro, na watu wanamiminika kwa sababu wanataka kumwona nyota akiwa hayuko jukwaani, amuuzie kitu, amguse mkono. Ukiniuliza, hiyo ni laivu ya TikTok bila intaneti. Nyumba yenyewe ilifungwa 1877, pesa ziliisha. Sherehe zilikuwa kubwa kuliko akiba.

Kilichodumu ni vitu vya kuchosha. Mwaka 1839 walikuwa wameanzisha mfuko ambao mwigizaji analipa kidogo kila mwaka akiwa mzima, na akizeeka analipwa. Majumba mawili makubwa ya London yalikuwa na mifuko yake tayari, kwa waigizaji wao tu. Huu wa 1839 ulikuwa wa wale wengine, wa kuzunguka mikoani na masanduku, kama sisi na matatu yetu. Halafu 1882 ukaja mfuko mwingine wa kuwasaidia waigizaji wenye dhiki, Henry Irving, nyota mkubwa wa enzi hizo, akiwa kati ya waliouanzisha. Yote miwili iko mpaka leo. Hakuna aliyelia kwa kamera ili akubaliwe. Kwa lugha yetu, ni chama. Mathe ana chama cha wamama kumi na wanne ambacho kimezika watu na kusomesha watoto tangu sijazaliwa, na hujawahi kukiona mahali popote mtandaoni.

Basi Machi mwaka jana daktari akasema chuma cha mguu wa Majoka kitolewe, kilikuwa kinamuumiza. Elfu sitini. Anti akaniita. Kwa simu alisema tu, "Wewe ndiye uko na watu wengi. Unasemaje?"

Nilisema tumchezee. Nikasikia akinyamaza muda mrefu. Siku hiyo hiyo ndiyo nilifuta vidio.

Kitabu kilikuwa kimebadilika, sasa ni Bembea ya Maisha cha Timothy Arege. Kama mmekisoma mnajua kina mama mgonjwa anayeitwa Sara, na familia inavutana kuhusu nani alipe matibabu. Hatukukichagua kwa ajili ya hilo, ndicho tulikuwa tumekikariri. Anti alienda kumwomba Majoka acheze Yona, mume wa Sara, akiwa ameketi kwenye kiti kutoka mwanzo mpaka mwisho. Alikataa. Anti akaenda tena. Mara ya tatu alitumia maneno ambayo hajaniambia, na mzee akakubali kwa sharti moja: tangazo liandike jina la mchezo na bei, kusiwe na neno mgonjwa, kusiwe na neno msaada.

Mimi kama mtu wa kontenti nilitaka kupiga kelele. Bila hilo neno utauza nini? Nilizunguka Githurai na karatasi za tiketi wiki mbili, 150 mwanafunzi, 200 mtu mzima. Ni kazi ngumu kuliko kitu chochote nimewahi kufanya. Mtu anakuuliza, "Ni ya nini?" na unatakiwa useme ni mchezo wa kuigiza, njoo ucheke. Konda mmoja aliniambia kama ni mchango angetoa ngiri, lakini kama ni mchezo hana muda. Hakutoa hiyo ngiri. Mama wa nyanya, yule yule, alinunua tiketi nne na kuuliza kama Mheshimiwa atavaa tai.

Tulikodi ukumbi wa kanisa Jumapili alasiri kwa elfu tano. Spika, elfu tatu na nusu. Nilikaa mlangoni nikipokea pesa, kwa hivyo mchezo wenyewe niliusikia zaidi ya kuuona. Nilisikia Yona akiongea na ukumbi ukinyamaza. Halafu nikasikia wakicheka, kicheko kile cha watu wamejisahau, ambacho sijawahi kukipata kwa vidio kwa sababu kwa vidio watu huandika tu kwamba wamecheka. Nilichungulia. Alikuwa kwa kiti cha plastiki, mguu umenyooshwa, na tai nyekundu, ingawa Yona havai tai. Binti yake alikuwa safu ya pili. Hakuna aliyefanya sauti ya kulia. Nilikuwa nimejiandaa kumtoa nje mtu wa kwanza atakayejaribu, na makondakta wawili walikuwa wamekubali kunisaidia.

Hesabu: mlangoni 46,850. Toa ukumbi na spika, 38,350. Tulihitaji elfu sitini.

Hapo ndipo wengi wenu mtasema niliwaambia. Na ni kweli. Vidio ya sekunde 48 ilileta laki na nusu na zaidi. Watu wanane, wiki mbili za kutembea na masaa mawili ya jukwaani, vikaleta elfu thelathini na nane. Mguu ungeoza 2022 tukisubiri tiketi ziuzike. Sina namna ya kuikwepa hiyo hesabu, na mtu akija kwangu kesho na mtoto yuko chumba cha wagonjwa mahututi sijui nitafanya nini. Labda nitarekodi tena. Lakini nitaweka ile ya tai kwanza, nione. Sikuwahi kuipa nafasi. Nilijiamulia mwenyewe kwamba ninyi hamwezi kumpa pesa mtu ambaye bado anacheka, na nikawadharau ninyi pamoja naye.

Zile 21,650 zilizobaki Majoka alizilipa mwenyewe, pole pole. Saa hizi anatengeneza viatu karibu na reli na anaigiza siku tatu kwa wiki. Chuma kilitoka. Amekihifadhi kwa kopo la maziwa, anaonyesha watoto.

Sisi tumeanza mfuko. Kila mtu anaacha soo moja kila onyesho, kabla ya kugawana, Anti anashika daftari na mimi nashika simu yenye pesa, ili yeyote kati yetu asiweze kuiba peke yake. Kijana mpya wa kikundi ananung'unika kila wiki, anasema yeye bado mdogo hataumia. Kufikia jana tuna 11,600. Ni kidogo, hiyo ni siku mbili tatu za kitanda. Bima pia tumekubaliana kila mtu aonyeshe risiti mwisho wa mwezi, na ambaye hajalipa hapandi gari. Anti alimshusha mtu steji wiki iliyopita, kweli, na begi lake.

Jumamosi hii tuko tena kwa ule ukumbi, saa nane mchana. Niliomba ruhusa ya kurekodi. Majoka aliniambia nitarekodi nikiwa nimesimama mbele yake, anione nikiwasha na anione nikizima, na kabla sijaiweka popote binti yake aitazame kwanza. Yuko kidato cha nne sasa. Amesema atakuja na orodha.

Tiketi bado ni mia mbili. Niko pale raundi kuanzia saa kumi jioni kila siku, nimevaa kofia ya manjano.